Herufi kubwa na herufi ndogo: Jina la Kiingereza lina siri gani?

Nilipotoka chuoni nikapelekwa skuli, sikuwa mtoto asiyejua kusoma. Alifu na bee nilikuwa nazo, irabu nilikuwa nazo, na juzuu ya Amma nilikwisha kuihifadhi. Hata zile herufi za Kizungu nilikuwa nimeshazionja, kwani kaka yangu alinifunza usiku kwa mwanga wa kandili. Basi siku ya kwanza mwalimu wa Kiingereza aliponipa daftari akaniambia niandike jina langu na la baba yangu, niliandika kwa furaha, kutoka kushoto kwenda kulia, wala sikukosa herufi hata moja.

Daftari lilirudi lina wino mwekundu mahali pawili. Mwalimu alikuwa ameikata herufi ya mwanzo ya jina langu, na ya mwanzo ya jina la baba, na juu ya kila moja ameandika herufi ile ile, lakini kubwa.

Nilimuuliza kosa langu ni nini maadamu herufi ni ile ile. Darasa zima likacheka, nami nikakaa kitako kwa haya.

Jioni nikalipeleka daftari kwa mwalimu wangu wa chuoni, mzee aliyekuwa hana neno moja la Kiingereza. Alilitazama, akalipindua, kisha akasema: "Mwanangu, herufi zetu hubadilika sura kwa mahali zinapokaa, mwanzo, kati au mwisho. Herufi za hawa hubadilika kwa cheo. Nenda ukajifunze vyeo vyao."

Maneno hayo yalinirudia juzi, baada ya miaka zaidi ya arubaini, mjukuu wangu aliponijia na daftari lake la Kiingereza huku machozi yakimlengalenga. Mama yake alikuwa amekwisha mgombeza kwamba ni mvivu. Mtoto akaniambia: "Babu, mimi Kiingereza sikiwezi. Mimi ni mjinga."

Nikafungua daftari. Sentensi yenyewe ilikuwa moja tu, na mwalimu ameizungushia maduara sita: "On friday my Mother went to the Market in mombasa and bought Fish and two furnitures."

Msomaji mpenzi, nilipoitazama sentensi ile sikuona ujinga. Niliona mtoto aliyefuata akili yake sawasawa, akaangushwa na sheria ambazo hakuna mtu aliyekaa naye akamweleza. Na kwa kuwa najua kwamba nyumba nyingi usiku wa leo zina daftari kama lile na machozi kama yale, nimeona tuyachukue maduara yale sita moja baada ya jingine. Mwishoni nitaeleza kwa nini jambo hili si la skuli peke yake, kwani lilipata kuigusa nyumba ya baba yangu, na liliigusa pabaya.

KUBWA NI YA MMOJA

Tuanze na yale matano ya kwanza, maana yote yana mzizi mmoja. Katika Kiingereza, kama katika Kiswahili, kuna majina, au nomino kama wasemavyo walimu wa leo, za namna mbili zilizo kubwa kuliko nyingine. Iko nomino ya jinsi, yaani ile itajayo kila kitu cha aina hiyo: mji, mto, mama, samaki. Na iko nomino ya pekee, ile itajayo kimoja tu kati ya vyote: Mombasa, Tana, Kenya.

Herufi kubwa ni ya huyu wa pekee. Haitolewi kwa sababu kitu ni kikubwa, wala kwa sababu kina thamani, wala kwa sababu tunakiheshimu. Ndovu ni mkubwa lakini huandikwa "elephant" kwa herufi ndogo. Dhahabu ni ghali lakini ni "gold" kwa herufi ndogo. Kijiji kidogo kabisa chenye nyumba tatu, maadamu kina jina lake, jina hilo huanza kwa kubwa.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipopotea. Kwake yeye mama ni mtu mkubwa, soko ni mahali pakubwa, na samaki ndiyo furaha ya siku ile. Akavipa vyote herufi kubwa. Mombasa akaipa ndogo, kwa kuwa Mombasa ni nyumbani, ameizoea.

Nikamwambia: "Kila ukifika kwenye jina, jiulize swali moja. Je, hili ni jina la mmoja, au ni jina la jinsi yake?" Akanijibu: "Mombasa ni moja." Tukaandika kubwa. "Soko je?" "Masoko ni mengi." Tukaandika ndogo. "Na Marikiti?" Akafikiri, kisha akacheka, akasema: "Marikiti ni moja!"

Ama hapo alinifurahisha, kwani Marikiti ni mfano ulio bora kuliko wote. Neno lenyewe ni lile lile "market" la Kiingereza, ambalo kwa wenyewe ni nomino ya jinsi na huandikwa kwa herufi ndogo. Sisi watu wa Mombasa tulilitwaa, tukalivika kanzu ya Kiswahili, tukalifanya jina la soko moja mahsusi. Toka siku hiyo likapata herufi kubwa. Neno ni lile lile, cheo kimebadilika.

MAMA HUYU NA MAMA YULE

Neno "mother" lilimtatiza zaidi, na haki yake. Waingereza husema "my mother" kwa herufi ndogo, lakini mtoto akimwita mama yake au akimtaja kama kwamba Mama ndilo jina lake, bila ya "my" wala "the" mbele yake, basi huandika "Mother" kwa kubwa. Yaani likisimama mahali pa jina la mtu hupewa haki ya jina la mtu. Likisimama kama jina la jinsi, hurudi chini.

Ndivyo ilivyo kwa vyeo pia. "President Kenyatta" ni kwa kubwa, kwa kuwa cheo kimeshikamana na mtu na kuwa sehemu ya jina lake. Lakini ukisema kwamba kila nchi ina rais wake, rais huyo wa kila nchi ni "president" kwa ndogo. Mto ni "river", lakini Mto Tana ni "River Tana". Mashariki ya upande linakochomoza jua ni "east", lakini Afrika Mashariki, ambayo ni sehemu moja ya dunia yenye jina lake, ni "East Africa".

Ama siku za juma na miezi, zote ni kwa herufi kubwa, na sababu yake ni ya kale. Waingereza wa zamani, kabla ya kuwa Wakristo, walizipa siku zao majina ya miungu waliyokuwa wakiiabudu. Jumatano ni siku ya Woden, ndiyo "Wednesday". Alhamisi ni ya Thor, ndiyo "Thursday". Na hiyo Ijumaa ya mjukuu wangu, "Friday", ni ya mungu wa kike aliyeitwa Frig. Mwezi wa saba na wa nane wamebeba majina ya watawala wa Kirumi, Julius Caesar na Augustus. Miungu imekufa, wafalme wamekwenda, lakini herufi kubwa imebaki. Majira ya mwaka hayakuitwa kwa mtu yeyote, kwa hivyo "summer" na "winter" huandikwa kwa herufi ndogo.

Lugha na mataifa nazo huanza kwa kubwa: "Swahili", "Arabic", "English". Na kuna neno moja lisilo nomino ambalo limejipenyeza katika heshima hii, nalo ni "I", yaani mimi. Watu wengi hudhani Mwingereza hujiandika kwa herufi kubwa kwa majivuno. La hasha. Wajuzi wa lugha hiyo wasema kwamba kijiti kimoja kidogo kikisimama peke yake katika maandishi ya mkono kilikuwa kikipotea au kikigandana na neno la jirani, basi wakakirefusha kionekane.

NCHI IKAWA SAHANI

Msomaji aweza kuuliza: hivyo herufi moja kuwa kubwa au ndogo yaweza kubadili maana? Yaweza, tena sana.

Andika "China" kwa kubwa, ni nchi ya Wachina. Andika "china" kwa ndogo, ni vyombo vya kauri, sahani na vikombe. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sababu, kwa maana vyombo hivyo vilifika kwetu kwa majahazi karne nyingi zilizopita, na wazee wetu walivipenda hata wakavipachika katika kuta na makaburi yao. Anayetaka kuviona na aende akatazame vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Fort Jesus. Waingereza walikiita chombo kwa jina la nchi kilikotoka, na kilipokwisha kuwa kitu cha kila meza, kikavuliwa herufi kubwa.

Vivyo hivyo "Turkey" ni nchi ya Waturuki, na "turkey" ni bata mzinga. "March" ni mwezi wa tatu, "march" ni mwendo wa askari. Kitambaa kiitwacho "muslin" kimetokana na mji wa Mosul ulioko Iraki, na "damask" kimetokana na Damascus.

Kabla hatujawacheka, tutazame kabati zetu wenyewe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walileta Unguja na pwani yote shuka nyeupe za pamba, na bibi zetu wakaziita merikani. Nchi ni Marekani kwa herufi kubwa, nguo ni merikani kwa herufi ndogo. Ni jambo lile lile, ila sisi hatukuliandikia kitabu cha sheria.

MAKASHA MAWILI

Na je, hizi herufi za ngazi mbili zilitoka wapi? Warumi wa kale, ambao ndio wenye herufi hizi, katika mawe yao walichonga kubwa tupu. Ndogo zilikuja polepole kwa mikono ya waandishi waliotaka kwenda haraka, na zikatengenezwa vizuri katika zama za mfalme Charlemagne, kwenye miaka ya 800. Baadaye zote mbili zikakaa pamoja katika ukurasa mmoja.

Mwaka 1476 William Caxton alianzisha mtambo wa kwanza wa kupiga chapa katika Uingereza. Wapanga chapa walikuja kuwa na makasha mawili ya herufi za risasi: herufi kubwa katika kasha la juu, ndogo katika kasha la chini. Ndiyo sababu mpaka leo, hata katika kompyuta isiyo na kasha wala risasi, Waingereza huziita herufi za kasha la juu na za kasha la chini.

Sheria hazikuwa hivi siku zote. Katika karne za 17 na 18 Waingereza wengi walikuwa wakiandika nomino nyingi kwa herufi kubwa, za pekee na za jinsi. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 imejaa herufi kubwa za namna hiyo. Wajerumani mpaka leo huandika kila nomino kwa kubwa, awe mfalme au awe mchwa. Wadenmark nao walifanya hivyo hadi mwaka 1948, ndipo wakaacha.

Nikamwambia mjukuu wangu: "Lau ungekuwa mwanafunzi wa Kijerumani, 'Market' na 'Fish' zako zingepita bila ya duara." Akafuta machozi. Alikuwa amejua kwamba alichofanya si upumbavu, kwani mataifa mazima yamekifanya.

SAMANI HAZIHESABIKI

Likabaki duara la sita, "furnitures". Hapa mtoto wa Kiswahili huteleza kwa sababu ya Kiswahili chake kizuri.

Sisi wingi wetu uko kichwani mwa neno: mtu, watu, kiti, viti. Wao wingi wao aghalabu uko mkiani, nao ni ile "s". Basi mtoto akifikiri juu ya samani, au vyombo, au mizigo, au habari, moyoni mwake anaona vitu vingi, na anatia "s". Lakini Mwingereza huyahesabu baadhi ya majina kama sisi tunavyoyahesabu maji na mchanga: ni kitu kimoja kisichogawanyika. "Furniture", "luggage", "advice", "information" na "equipment" hazipokei "s" hata vitu vikiwa elfu. Ukitaka kuhesabu, lazima utie kipimo, kama usemavyo vikombe viwili vya maji. Na neno "news", ingawa lina "s" mkiani, ni umoja.

Kisha yako yale yaliyobaki kutoka zamani, kama vizee katika nyumba ya vijana. "Foot" huwa "feet", "tooth" huwa "teeth", "mouse" huwa "mice", kwa kugeuza irabu ya katikati. "Ox" huwa "oxen" na "child" huwa "children" kwa "n" ya kale. "Sheep" akiwa mmoja au mia ni "sheep". Haya hayana dawa ila kuyahifadhi, neno na wingi wake pamoja, kama tulivyohifadhi sura chuoni.

JICHO NA SIKIO

Mjukuu wangu alikuwa na shitaka jingine, nalo ni la watoto wote. "Babu, kwa nini hawaandiki kama wasemavyo?"

Ni kweli. Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kirumi kilipangwa na watu waliokaa chini wakakubaliana. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusawazisha maandishi. Kwa hivyo mtu akilisikia neno la Kiswahili aweza kuliandika. Kiingereza hakikupata kikao cha namna hiyo. Maandishi yake yaliganda, matamshi yakaendelea kutembea.

Chukua neno "name" lenyewe, maana yake jina. Zamani Waingereza walilitamka karibu na jinsi ambavyo Mswahili angelisoma, na-me, irabu zote mbili zikisikika. Baina ya miaka ya 1400 na 1700 irabu zao ndefu zilibadilika sauti, ile "e" ya mwisho ikanyamaza, lakini mkono wa mpiga chapa ulikuwa umeshaizoea. Ile "k" ya "knife" na "knight" nayo ilikuwa ikitamkwa. Leo imebaki kama msumari ukutani baada ya picha kuondolewa.

Kuna herufi nyingine zilizotiwa makusudi na wasomi. Deni lilikuwa likiandikwa "dette". Wasomi wakakumbuka kwamba kwa Kilatini ni "debitum", wakatia "b" ili kuonyesha asili, ndipo likawa "debt", na hiyo "b" mtu haisemi. Kisiwa, "island", kilitiwa "s" kwa kudhaniwa kuwa ni jamaa wa neno la Kilatini, ilhali si jamaa yake. Yaani mtoto wa Lamu leo anapigwa duara kwa kusahau herufi iliyowekwa kwa kosa la msomi wa kale.

Lakini hapa napenda tuwe waadilifu. Je, hati za wazee wetu zilikuwa rahisi? Tendi na nyaraka zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina "p" wala "v" wala "ch". Aghalabu mwandishi alitumia bee kwa "b" na kwa "p", na "mb" nayo akaiandika kwa bee hiyo hiyo. Kwa hivyo baba, papa na pamba ziliweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji alijuaje? Alijua neno kabla ya kulisoma. Aliangalia jirani zake, akapima maana, akatamka sawasawa. Bibi zetu walisoma hivyo wala hawakusema kwamba hati yao ni wazimu.

Basi Kiingereza nacho ni hivyo. Mswahili hujifunza neno lake kwa sikio, Mwingereza hujifunza lake kwa jicho. Neno la Kiingereza ni kama uso wa mtu: hulitambui kwa kupigiwa hesabu, bali kwa kuonana nalo mara nyingi.

Na wengine katika nyuso hizo ni jamaa zetu. "Sugar" na sukari wametoka kwa Mwarabu mmoja. "Coffee" na kahawa ni ndugu. "Monsoon", upepo ulioleta majahazi, na msimu wetu wa Kiswahili ni watoto wa neno moja la Kiarabu, mawsim. Na "safari" Waingereza wameitwaa kwetu, wakaipa "s" ya wingi, kama sisi tulivyolitwaa "kitab" la Waarabu tukalipa vitabu.

Wazazi waangalie jambo moja hapa. Skuli zetu hufuata maandishi ya Uingereza: "colour", "labour", "centre". Mmarekani Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliandika "color", "labor" na "center", na programu nyingi za kompyuta hufuata njia hiyo. Mtoto akiona yote mawili si kwamba moja ni ujinga. Ni nyumba mbili, na achague moja akae humo.

BABA AKAWA WATU WATATU

Sasa nifike nyumbani kwetu.

Nomino ya pekee ina siri moja isiyofundishwa sana. Neno la kawaida lina kamusi ya kuliamua, lakini jina la mtu halina kamusi. Mwamuzi wake ni mwenyewe. "Stephen" na "Steven" ni majina mawili sahihi ya watu wawili. Hata Shakespeare, katika zile sahihi chache alizoziacha, hakuliandika jina lake kwa namna moja. Lakini Shakespeare hakuishi katika zama za vipande na mafaili.

Baba yangu aliitwa Athumani. Kwa herufi za Kiarabu jina hilo halina utata: aini, thee, mimu, alifu, nuni. Katika kipande chake karani mmoja aliandika Athman. Katika faili la mwajiri karani mwingine aliandika Othman. Na katika cheti cha kifo, karani wa tatu, aliyesikia kwa sikio la Kiswahili, akaandika Athumani. Wote watatu waliandika sawa, na kila mmoja alianza kwa herufi kubwa kama itakiwavyo.

Nilipokwenda kufuatia kiinua mgongo chake kwa niaba ya mama, karani alizipanga karatasi mezani akaniuliza kwa adabu: "Hawa wazee watatu, baba yako ni yupi?"

Mama alikuwa katika eda. Alimaliza miezi yake minne na siku kumi, akatoka, nami ningali naenda na kurudi. Ikanipasa nitafute wakili, niape mbele yake kwamba Athman, Othman na Athumani ni mtu mmoja, aliyekufa mara moja, na aliyeacha mjane mmoja. Fedha zilipopatikana mama alikuwa ameuza bangili zake mbili, moja ya kodi ya nyumba na moja ya dukani. Bangili zile alipewa na baba siku ya arusi.

Simlaumu karani yule, alikuwa akilinda mali ya watu. Lakini siku ile nilielewa kwamba herufi ya jina si pambo. Na nilipokuja kusoma kwamba dola ya Waturuki, "Ottoman" kwa herufi kubwa, ilipata jina lake kwa mtu mwenye jina kama la baba yangu, na kwamba "ottoman" kwa herufi ndogo ni kiti kisicho na egemeo, nilicheka peke yangu. Jina la baba limekuwa dola, limekuwa kiti, na katika ofisi moja likawa watu watatu.

LA KUFANYA

Basi wazazi wenzangu, usiku wa leo mtoto akileta daftari lenye maduara, msimwite mvivu. Muulizeni lile swali moja: je, hili ni la mmoja au ni la jinsi? Kisha mwambieni aliandike neno, alifunike, aliandike tena kwa jicho la moyo. Na kila jina alihifadhi pamoja na wingi wake.

Mkishamaliza, fungueni sanduku. Toeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, toeni vipande vyenu, viwekeni pamoja mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Kama hazipatani, rekebisheni sasa, nanyi mngali hai na mwaweza kujisemea. Ukichagua Athman, kaa na Athman, na uwafunze watoto wako waliandike hivyo hivyo kila mahali.

Mjukuu wangu aliiandika sentensi yake upya, akabadilisha na samani pia, maana alikwisha jua kwamba hazihesabiki. Kisha, bila ya kuambiwa, akaandika chini yake jina lake, na la baba yake, na langu, kila moja kwa herufi yake kubwa. Akaniuliza: "Babu, lako ndivyo liandikwavyo?" Nikatoa kipande changu mfukoni, tukatazama pamoja.

Nami nikamwandikia ubeti huu pembeni mwa daftari, mwalimu wake akipenda na auzungushie duara:

Jina la mtu ni mali, na amana ya dunia,
Liandike kikamili, herufi zikitimia,
Kubwa itwae mahali, mwanzoni kutangulia,
Moja ukiiachia, mwenyewe humtambui.